Maswali ya Wasomaji: Kromu ya Plastiki na Rangi Isiyoshika

SWALI: Nilipiga grili ya gari rangi nyeusi ya mkebe juu ya kromu. Imeoshwa na mashine ya presha mara chache tu, na sasa inatoka vipande vizima. Je, niliuziwa rangi feki? – Msomaji, Umoja

JIBU: Huenda rangi ilikuwa nzuri kabisa. Tazama nyuma ya kipande kilichotoka. Kama ni safi na laini, rangi haikushika chini tangu mwanzo. Kromu ni ngumu na nyororo mno, rangi haina pa kung'ang'ania. Chini yake hakuna chuma, ni plastiki ya ABS iliyotiwa shaba, juu yake nikeli, halafu kromu yenyewe, ambayo unene wake haufiki mikroni moja.

Fungua grili uitoe kwenye gari. Kwangua rangi iliyolegea, na usiimwagie thina, kwa sababu thina hulainisha ABS popote kromu ilipotoboka. Ioshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha suuza huku ukiangalia maji. Yakitanda sawasawa, pamesafika. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta au polishi. Polishi nyingi za tairi na dashibodi zina silikoni, na hiyo ndiyo hufanya rangi ikimbie na kuacha vishimo vya duara. Malizia kwa dawa ya kutoa mafuta ya mafundi wa rangi: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla haijakauka. Fanya hivi kabla ya kugusa msasa, la sivyo unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, na mafundi wengi huiharakisha. Kromu iliyofura au kuinuka ing'oe kwa wembe mpaka ufike ile iliyoshika kwelikweli. Vaa glavu nene, maana ukingo wake hukata kidole bila huruma. Piga msasa wa maji namba 320, kisha 400, hadi mng'ao ufe kila mahali. Kwenye kona na vijiti vyembamba tumia Scotch-Brite nyekundu, yaani kitambaa kigumu cha kusugulia. Rangi unayoiona ndiyo ikuongoze. Kromu ina ubuluu kidogo, nikeli inaelekea umanjano, shaba ni nyekundu. Wekundu ukianza kupanuka, punguza mkono, plastiki iko karibu. Ukiifikia, paka praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi, mkono mmoja (tabaka moja) mwembamba, pale plastiki ilipo wazi tu. Juu ya kromu haisaidii kitu.

Kisha piga praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe wake, si cha kukisia. Kwa grili, hata ukiongeza vishikio vinne vya milango, robo lita iliyokwisha kuchanganywa inatosha na kubaki. Mikono miwili myembamba, dakika 15 hivi katikati. Kama ukingo wa kromu ya zamani bado unaonekana kama ngazi, ongeza praima ya kujaza na uisawazishe kwa msasa 600, kwa sababu rangi nyeusi haifichi ngazi, inaitangaza. Halafu rangi mikono miwili au mitatu, na klia, yaani vanishi angavu ya juu, mikono miwili. Klia ya hadina ina isosianeti, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Kama huna kinga ya kufaa wala mahali penye hewa, mpe fundi mwenye vifaa hatua hiyo.

Nairobi ya Julai ina baridi na unyevu asubuhi. Subiri hadi saa nne, na uache kupiga ifikapo saa tisa. Usiikaushe kwa jiko la makaa. Joto likipita nyuzi 60 unahatarisha umbo la plastiki. Mashine ya presha isiiguse kwa mwezi mmoja.

SWALI: Fundi ananiambia tuichovye grili kwenye asidi ya kusafishia choo ili kromu itoke yote. Nikubali? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Hapana. Asidi hiyo huondoa kromu ya juu, lakini huacha nikeli, ambayo nayo ni laini na inang'aa. Msasa bado utahitajika, sasa ukiwa na mvuke wa kuunguza mapafu na maji yenye metali ambayo hayafai kumwagwa mtaroni. Na asidi hiyo ikikutana na Jik, hutoa gesi ya klorini. Saa mbili za msasa ni nafuu.

SWALI: Kuna rangi ya mkebe inayorudisha mng'ao wa kioo wa kromu? – Msomaji, Rongai

JIBU: Ipo inayokaribia, mradi usiiguse. Ukiipiga klia, mng'ao hugeuka kijivu cha fedha. Ukiiacha bila klia, huchujuka kwa kuguswa na kuoshwa. Kama unataka kioo, tafuta kipande cha mtumba Barabara ya Kirinyaga. Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye kingo zote na nyuma ya vishikizo. Kromu ikiinuka hata kidogo, kipande hicho kiache hapohapo.

SWALI: Nembo ya mbele ina rada nyuma yake. Naipiga rangi pamoja na grili? – Msomaji, Kilimani

JIBU: Iache. Rangi ya metaliki ina vipande vidogo vya alumini vinavyovuruga mawimbi ya rada, na hata rangi isiyo na metali ikiwa nene inaweza kuyabadilisha. Breki ya kujiendesha, inayotegemea rada hiyo, inaweza kuzimika au kukosea. Ifunike kwa maski tepu kabla ya kuanza msasa, si wakati wa rangi tu, kwa sababu mikwaruzo pia haitakiwi pale. Kama imeshapigwa rangi, badilisha kifuniko chote kwa kile cha modeli hiyohiyo yenye rada. Cha modeli isiyo na rada hufanana kwa macho, lakini mara nyingi si plastiki ileile.