Kalenda ya pamoja ofisini: anzeni na gari na chumba, watu baadaye

Mkuu, nimekusoma. Watu 12, gari mbili, chumba kimoja cha mikutano, kundi la WhatsApp limeshindwa, na unauliza uanzie wapi. Sisi tulikuwa hivyo hivyo, ofisi ya ushauri wa ujenzi hapa Dar, watu 14. Mzigo nikabebeshwa mimi kwa kuwa ndiye mtu wa utawala na daftari la gari lilikuwa mezani kwangu. WhatsApp wala usijilaumu. Mtu anaandika "naomba gari kesho asubuhi", ujumbe unafunikwa na picha za harusi na pole za msiba, kesho yake watu wawili wamesimama na mafaili mikononi mbele ya gari moja.

Tunatumia kalenda ya Google ya bure, kwa hiyo ninachosema kinahusu hiyo.

Tulianza vibaya. Kila mtu aliambiwa awaonyeshe wenzake kalenda yake, ikawa rangi 14 kwenye skrini moja kama duka la kanga. Hakuna aliyeona kitu. Baada ya wiki mbili tulifuta, tukajiuliza hasa tunagombana kwa ajili ya nini. Hakuna aliyekuwa anagombea muda wa mhasibu. Tulikuwa tunagombea magari na chumba. Basi tukafungua kalenda nne tu: Gari 1, Gari 2, Chumba, na moja tukaiita Ofisi, ya likizo, safari na wageni. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza. Kufungua kalenda mpya na kugawa ruhusa kafanyie kwenye kompyuta, ya simu iacheni kwa matumizi ya kila siku.

Na msifungulie kwenye akaunti ya mtu. Ya kwetu ilifunguliwa na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa imeili yake binafsi. Alipomaliza miezi yake akaondoka, akaajiriwa dereva mpya, tukakuta hakuna mwenye uwezo wa kumwongeza. Nilimpigia kijana simu siku tatu. Fungueni akaunti ya ofisi, halafu mtu wa pili mwaminifu apewe ruhusa ya juu kabisa.

Ruhusa ziko za aina nne: kuona tu kama muda umeshikwa, kuona maelezo yote, kubadilisha, na kubadilisha pamoja na kuwagawia wengine. Chumba tuliwapa wote wabadilishe. Magari hapana, ni mimi na mtu wa usafirishaji tu, wengine wanaona na kuomba. Tulifikia hapo baada ya mhandisi mmoja kusogeza safari ya mwenzake ya Kibaha "kidogo tu". Kama kitu kimefutwa kwa bahati mbaya, kalenda ina pipa lake na kinakaa humo siku 30, unakirudisha.

Sasa hili ndilo lililotutesa kuliko yote, na sijaona mtu akilisema. Saa. Dada wa uhasibu aliingiza kikao na wakaguzi wa hesabu, saa 8 mchana. Akaandika 8:00, akahifadhi, akaendelea na kazi zake. Kalenda haihesabu saa kama sisi, ikaelewa saa 2 asubuhi. Mchana chumba kikaonekana kitupu, mhandisi akakichukua. Wakaguzi wanafika saa 8 kasoro dakika 10, suti zimenyooka, wanakuta ndani wakandarasi wenye buti za saiti, ramani zimetandazwa meza nzima na sambusa juu ya ramani. Walikaa mapokezi na mimi karibu saa zima. Niliwapa maji mara mbili kwa aibu tu.

Tangu siku hiyo mipangilio yote imewekwa kwenye saa 24. Ukiona 14:00 huwezi kuichanganya na asubuhi. Nikabandika karatasi ukutani: saa za kazi, toa 6. 14 toa 6 ni saa 8 mchana, 9 toa 6 ni saa 3 asubuhi. Na jina la kikao lazima libebe saa kwa maneno: "Wakaguzi, saa 8 mchana". Ikitofautiana na namba, yeyote anayepita anaona kuna kosa na anampigia mwenyewe.

Kama mna washirika wa Uingereza, wao hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Kikao wanachokiweka wao saa 4 asubuhi ya kwao kwetu huwa saa 7 mchana, ikifika mwisho wa Machi kinakuwa saa 6. Kalenda inajisogeza yenyewe, msiirekebishe kwa mkono.

Sikukuu za Tanzania unaziongeza kwa kubofya tu, lakini Idd iache wazi na siku za pembeni yake pia. Kalenda inakisia kwa hesabu, sisi tunasubiri mwezi uandame.

Usitegemee pia kwamba ya bure itakataa mtu wa pili akiingiza safari juu ya safari. Haikatai, inaonyesha visanduku viwili sambamba. Ya kulipia ndiyo unaweza kukisajili chumba kama mali ya ofisi, kikawa kinakataa chenyewe kikishashikwa. Sisi tuna kanuni tu: aliyeingiza kwanza ndiye mwenye nacho, hata kama wa pili ni mkurugenzi. Aliikubali mbele ya watu, mara ya kwanza ilipomgusa akachukua bajaji.

La mwisho ni simu za watu. Dereva wetu aliniambia "dada, mimi sioni kitu" kwa wiki nzima. Nikachukua simu yake: akaunti tatu za Gmail, kila akisahau nywila anafungua nyingine, na mwaliko ulikwenda kwenye ile asiyoifungua. Mwombe kila mtu simu yake mkononi, hakikisha imeili ni yenyewe, kiungo cha mwaliko kimebofywa, na kalenda imewekewa tiki. Kwa watu 12 ni asubuhi moja.

Daftari la gari bado lipo mezani kwangu, ila siku hizi linaandikwa kilomita na mafuta tu.