Maswali ya wasomaji: Nimechagua au nimechaguliwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nimelelewa Kilutheri, ubatizo wa utotoni, kipaimara, kila kitu, sa nimeolewa na mume wa kipentekoste na kila Jumapili naskia "fanya uamuzi leo, Mungu hamlazimishi mtu". Juzi nilikutana na mchungaji mmoja wa zamani nikamuuliza, akanijibu kwa kifupi tu kwamba huo uamuzi hauna kazi, Luther alishasema binadamu hana utashi huru. Nimefika nyumbani nikamwambia mume, akasema hayo ni mambo ya maroboti. Nishike lipi? Na kama Mungu ndo anavuta watu, mdogo wangu ambaye kaacha kabisa kanisa ni kosa la nani? (Dada wa Iringa)

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na huyo mchungaji maana kamnukuu Luther kwa haraka mno. Ni kweli mwaka 1525 Luther aliandika kitabu kizima kwamba utashi wa mtu ni mtumwa, alikuwa anamjibu Erasmus wa Rotterdam, msomi Mkatoliki aliyekuwa ametetea utashi huru mwaka mmoja kabla, na cha kushangaza Luther akamshukuru, akamwambia wengine wananichosha na habari za papa na toharani ila wewe peke yako umenishika kooni. Lakini humo humo anakubali mtu ana hiari kwa vitu vilivyo chini yake, mali zake, auze ng'ombe asiuze, ajenge asijenge. Ungamo la Augsburg la 1530, ambalo Walutheri wetu wanalishika mpaka leo, kifungu cha 18 kinasema karibu hivyo hivyo. Ngoma inaanza pale mtu anapotaka kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Hapo Luther anasema utashi ni kama mnyama wa kupandwa, tuseme punda, akipandwa na Mungu anaenda anakotaka Mungu, akipandwa na shetani anaenda huko kwingine, na punda hajichagulii wa kumpanda.

Erasmus yeye alileta mfano wa mtoto ambaye hajajua kutembea vizuri. Kaanguka, baba anamwinua, anamwonyesha tofaa upande wa pili, anamshika mkono mpaka analifikia. Bila baba asingefika, ila kimguu alikisogeza. Mi kama mzazi mfano huu unanigusa kuliko wa punda, sikufichi, lakini nikisoma Yohana 6:44, kwamba hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba, naona Luther hakuwa anapiga kelele tu.

Sasa mumeo. Anachosema, awe anajua au hajui, kina asili yake Uholanzi kwa Jacobus Arminius, aliyesoma Geneva kwa Beza, mrithi wa Calvin (yule mwanamatengenezo ambaye wafuasi wake ndio Wakalvini), halafu akafundisha Leiden kuanzia 1603 mpaka alipofariki 1609. Yeye alisema neema inaweza kukataliwa. Basi. Hakusema mtu anaanza halafu Mungu anafuata! Alitoa mfano wa tajiri anayempa ombaomba sadaka, akauliza, je kwa kuwa ombaomba kanyoosha mkono kupokea, sadaka imeacha kuwa zawadi? Kwa hiyo mhubiri anayekwambia neema imekaa nje inasubiri wewe uanze, huyo hayuko na Arminius, huyo kashuka mpaka kwa Pelagio, mwalimu wa kale aliyefundisha mtu anaweza kuanza mwenyewe, ambaye mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago ulimkataa tangu 418.

Na hilo neno roboti mwambie mumeo alirudishe mfukoni taratibu. Wakalvini walipokaa mkutano Dordrecht, Uholanzi, kuanzia Novemba 1618 mpaka Mei 1619 kuwapinga wafuasi wa Arminius, waliandika wenyewe kwamba neema haimfanyi mtu kama gogo, haiui utashi wake, inauponya na kuugeuza kwa utamu na kwa nguvu, yaani unataka kweli, ila huko kutaka umepewa. Unaweza usikubaliane nao (mi mwenyewe kuna mahali nakwama) lakini roboti hataki kitu. Kilichoniuma kwenye ule mkutano ni kilichofuata, wachungaji karibu 200 wa upande wa pili walipoteza kazi, na siku chache baada ya mkutano kufungwa, mzee Oldenbarnevelt, mwanasiasa aliyewakingia kifua, akakatwa kichwa. Kesi ilikuwa ya uhaini, siasa tupu, lakini dini ilikuwa humo ndani.

Kuhusu mdogo wako, Walutheri walijibu mwaka 1577 na jibu lao halinyooki kama hesabu: aliyeokoka ni kazi ya Mungu mtupu, aliyepotea ni kosa lake mwenyewe, na ukiuliza hizo mbili zinakutanaje wanakwambia hatujafunuliwa. Mi naona ni uungwana kukubali hivyo. Ila usikubali mtu yeyote akwambie mdogo wako "hajateuliwa", yaani hayumo kati ya wale Mungu aliowachagua waokoke, hata Calvin mwenyewe, akimfuata Augustino, askofu wa kale, alisema hatujui nani yumo kwenye hiyo hesabu kwa hiyo tutamani wote waokoke. Mpigie simu, na usianze na habari za kanisa.

Nishike lipi, umeuliza. Soma Wafilipi 2:12 na 13 kwa pamoja bila kukata katikati, uone nani anatimiza na nani anatenda kazi ndani, halafu mpe mumeo naye asome kwa sauti.

SWALI: Sisi Wamethodisti huku Meru tunaskia Wesley aligombana na rafiki yake Whitefield juu ya hii maneno, ni ukweli?

JIBU: Ni kweli kabisa. Mwaka 1739 Wesley, mwanzilishi wenu Wamethodisti, alihubiri Bristol, Uingereza, kwamba neema ni ya wote, akaupiga uteule (kwamba Mungu kachagua nani ataokoka) bila huruma, na Whitefield, mhubiri mwenzake aliyeushika uteule, akamjibu kwa barua ya tarehe 24 Desemba 1740 akiwa Georgia, Marekani. Walikaa wamenuniana, baadaye wakapatana bila yeyote kubadili msimamo. Whitefield alipofariki 1770, Wesley ndiye aliyehubiri ibada ya kumkumbuka London, kama marehemu mwenyewe alivyotaka, na alipotaja mafundisho makuu ya rafiki yake, uteule akauruka. Wakalvini walimlalamikia kweli kweli.