Umeme ukikatika waifai inapotea kwenye laptopu tu, simu inashika: ilivyonitesa mpaka nikaijua

Laptopu yangu ni mtumba wa Marekani, ya mwaka 2012, niliinunua Kariakoo na haijawahi kunizingua kwenye kitu kingine, kioo kizima, kibodi nzima, ila waifai jamani. Leo ipo kesho haipo. Na siongelei kuwa slo, naongelea jina la waifai kutoonekana kabisa, unaona za majirani wote mpaka ya duka la kona lakini ya humo humo ndani huioni, wakati simu iko mkononi inakula intaneti kama kawaida.

Ruta ni ya mama mwenye nyumba, wapangaji tunachangia. Kila nikienda kulalamika ananijibu, "Mwanangu, mbona yangu inashika?" Na kweli inashika.

Nikafanya yale ya kila mtu, nikazima nikawasha, nikatoa draiva nikaiweka upya, mwisho nikampa fundi elfu 20 apige windows upya, siku mbili safi, ya tatu ikapotea. Fundi akasema kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mawimbi, imekufa. Sasa kadi iliyokufa inaonaje waifai ya dukani?

Kilichonifumbua macho ni umeme. Nikaja kugundua inapotea pale umeme ukikatika ukarudi, sio kila mara, ila haijawahi kupotea siku ambayo umeme haukukatika. Laptopu ina betri, umeme na yenyewe wapi na wapi? Kumbe ni ruta. Ruta nyingi chaneli yake, yaani njia ya mawimbi inayorushia waifai, imeachwa auto, ikiwaka inasikiliza majirani wako wapi halafu inajichagulia penye nafasi. Waifai ya 2.4 GHz (masafa yanayotumiwa na vifaa vingi) huku kwetu ina chaneli 1 mpaka 13, ila vifaa vingi vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vinaishia 11. Kwa hiyo siku ruta ikiangukia 12 au 13 laptopu yangu haina masikio ya kuisikia, na simu za huku zinaisikia vizuri tu. Hamna kilichoharibika hapo!

Nikageuza ruta, chini kuna stika yenye anwani (ya kwetu 192.168.1.1) na nywila ya kuingilia, nikaingia kwa brauza ya simu, nikatafuta waifai ya 2.4, nikakuta imekaa 13, nikatoa auto nikaweka 6. Chagua kati ya 1, 6 na 11, hizo tatu haziingiliani, usijifanye mjanja ukaweka 4 ukidhani umejificha, utapigwa kelele za pande zote mbili. Ukiwa humo humo angalia na usalama, ruta ikiwekwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa waifai) peke yake kadi nyingi za zamani haziwezi kujiunga, weka WPA2, ile ya kabla yake, au ile ya mchanganyiko wa zote mbili.

Nikajua nimemaliza. Wapi. Jina likawa linaonekana ila chumbani kamstari kamoja, sebuleni karibu na ruta imejaa. Hapo ndo nikaacha kubahatisha nikaanza kupima. Fungua Command Prompt, andika ipconfig, chukua namba iliyo mbele ya Default Gateway, halafu andika ping, namba hiyo, na -t mwishoni. Hapo unaiuliza ruta tu, hujatoka nje ya nyumba. Yangu ilikuwa inajibu 3ms, 4ms, ghafla 900, halafu Request timed out mara tatu mfululizo. Ukiona hivyo usiwapigie watu wa mtandao, ugonjwa uko kati ya laptopu na ruta. Ruta ikijibu vizuri ila ping 8.8.8.8 (seva ya Google, huko nje kwenye intaneti) inakatika katika, hapo wapigie na uwe mkali.

Nikazima, nikatoa betri, nikafungua mfuniko wa chini. Kwenye kadi ya waifai kuna nyaya mbili nyembamba, mweusi na mweupe, vichwa vyake vya duara vidogo kuliko punje ya mchele, zinapanda mpaka pembeni ya kioo, ndo antena hizo. Mweusi unaning'inia. Nikakumbuka kuna fundi aliwahi kunisafishia feni. Usilazimishe, kikalishe kichwa sawasawa juu ya tundu lake ubonyeze kwa kidole mpaka usikie tik.

Mengine haraka haraka: ukichomoa chaja na spidi inakufa, nenda Device Manager, kadi ya waifai, Power Management, toa tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kubana umeme. Hadi diski ya nje ya USB 3.0 inaweza kuvuruga 2.4, ichomoe ujaribu. Na kadi ikiwa imekufa kweli nunua kale ka waifai ka kuchomeka USB, usikimbilie kadi ya ndani, kuna laptopu za zamani ukiziwekea kadi isiyotambuliwa na BIOS (programu ya kuwashia laptopu) zinagoma hata kuwaka.

Ruta ikiresetiwa chaneli inarudi auto, kwa hiyo nimebandika karatasi juu yake: CHANELI 6, MSIRESETI. Jioni nikakuta mama mwenye nyumba kaongezea chini kwa kalamu yake, "na vikombe vya chai msiweke hapa."