Maswali yenu: basset, mbwa wa miguu mifupi wa Ufaransa

Basset ni mbwa wa Kifaransa au wa Kiingereza? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Asili ni Ufaransa, ila yule mzito mwenye masikio yanayokaribia kuburura chini na ngozi ya uso iliyolegea ni kazi ya Waingereza. Mwaka 1866 Lord Galway aliagiza dume na jike kutoka Ufaransa. Mwaka 1874 Everett Millais, mtoto wa mchoraji John Everett Millais, akanunua huko dume aliyeitwa Model, na mwaka uliofuata akampeleka kwenye maonyesho. Kwa kuwa mbwa walikuwa wachache, ndugu wakawa wanazalishana na watoto wakawa dhaifu. Miaka ya 1890 Millais akachanganya damu ya basset na ya bloodhound, mbwa mkubwa wa kunusa nyayo, tena kwa kupandikiza mbegu za dume, jambo geni kabisa enzi hizo. Wafaransa hawakwenda huko. Basset Artésien Normand wao amebaki mwepesi, ngozi imembana, na kwa jicho langu ndiye mwenye sura ya mbwa wa kazi.

Mwindaji anataka nini kwa mbwa asiyekimbia?

Anataka aweze kumfuata! Mwenye farasi alifuga mbwa warefu. Mwenye miguu yake miwili alihitaji mbwa asiyempotea porini, mwenye pua kali na sauti ya kumwelekeza sungura alikopita. Mwaka 1561 Jacques du Fouilloux, katika kitabu chake cha uwindaji, alishawaeleza basset wanaomfuata mbweha hadi shimoni. Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa: Agosti 1789 haki ya kuwinda iliondolewa mikononi mwa makabaila peke yao, na watu wa kawaida wakaingia porini kwa miguu. Hapo mbwa mfupi akapata soko.

Ufupi huo ulitoka wapi?

Wafugaji wamezoea kusimulia kwamba kila mkoa ulipata basset wake pale mbwa warefu walipozaa kibete kwa bahati. Mimi siiamini sana. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2009 ulikuta nakala moja ya ziada ya jeni FGF4 kwa basset, dachshund, corgi na mbwa wengine wa miguu mifupi, na dalili ni kwamba mabadiliko hayo yalitokea mara moja tu, zamani sana. Yaelekea ufupi ulisambazwa kwa kuchanganya mbwa, halafu kila mkoa ukaunda wake.

Wapo wa aina ngapi?

Watano: Artésien Normand, Bleu de Gascogne, Fauve de Bretagne, na Griffon Vendéen mkubwa na mdogo. Majina ni ya mikoa yao. Artésien Normand ana kisa kirefu zaidi. Karne ya 19 mfugaji Louis Lane alipenda wenye matege ya kutosha miguu ya mbele, mfugaji mwenzake Le Couteulx de Canteleu akapenda wenye miguu iliyonyooka kidogo, na Léon Verrier ndiye aliyeziunganisha koo hizo mbili.

Griffon mkubwa na mdogo wana tofauti gani, zaidi ya kimo?

Zamani hawakutenganishwa, mama mmoja aliweza kuzaa wote wawili kwa mkupuo mmoja. Mdogo alipewa vigezo vyake mwaka 1950, na baadaye kuwachanganya kukapigwa marufuku. Huyo mdogo ndiye aina ya mbwa Buddy Holly, aliyeshinda maonyesho ya mbwa ya Westminster, New York, mwaka 2023.