Subaru ikigoma kukata kona, usikimbilie kununua giaboksi

Kuna msomaji wa Kasarani, Nairobi, aliyeniandikia wiki hii. Ana Subaru Forester ya 2004, otomatiki. Akirudi nyuma kutoka maegesho huku usukani umekatwa mpaka mwisho, gari linashikwa kama limevutwa hendibreki, linarukaruka, tairi zinalia kwenye lami. Fundi wake hakulizungusha hata uani. Alimwambia giaboksi imekufa, atafute nyingine. Msomaji huyo akaniuliza: ni kweli?

Nilipomaliza kusoma nilipandwa na hasira, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Subaru Legacy yangu ni ya 2003, zile ambazo namba zake huanza na KB. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hivyo hesabu mwenyewe: Subaru za miaka hiyo zimekaa kwenye barabara zetu muda mrefu kuliko zilivyokaa Japani. Ni gari ninalolitegemea. Kila mvua za Aprili napanda nalo Kinangop kuwaona wazee, na mwenye kuijua barabara ile ikilowa anajua kwa nini nataka magurudumu yote manne yavute.

Shida ilianzia kwenye maegesho ya chini ya jengo fulani mjini, kwenye zile kona za kuzunguka nguzo. Nilidhani ni bush. Baadaye likaanza kugoma hata nikigeuza langoni kwangu. Nikalipeleka gereji moja ya Eneo la Viwanda, yenye sakafu ya kung'aa na kijana wa mapokezi aliyevaa tai. Waliliwasha, wakatia gia, wakakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Kisha wakaniandikia karatasi: giaboksi ya mtumba, shilingi 85,000, ufundi mbali. Nilipouliza wamejuaje, jamaa alinitazama kama nimemtukana. Sijaisahau ile sura. Mtu anakuja na gari lake na pesa zake, anauliza swali la haki, halafu anafanywa mjinga.

Nilichukua ufunguo wangu nikaondoka. Fundi mwingine karibu na Kirinyaga Road akaniambia ni CV joint, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu. Hapo nilikuwa nimeshaanza kusoma, nikamjibu kwamba CV joint iliyokufa hugonga ka-ka-ka gari likikata kona, lakini haishiki gari. Gari linaloshikwa lina jambo lingine.

Jambo lenyewe ni hili. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye Subaru nyingi za otomatiki za gia nne, kazi ya kuruhusu tofauti hiyo ni ya klachi yenye pleti nyingi, iliyo mkiani mwa giaboksi. Kompyuta ya giaboksi huibana au kuilegeza kupitia solenoidi moja, yaani vali inayoendeshwa na umeme, inayoitwa Duty C. Klachi hiyo ikikwama imebana, mbele na nyuma huwa kama ng'ombe wawili wa jembe kwenye nira moja: anayezunguka nje hawezi kuongeza hatua, basi wote wanaburutana. Kwenye matope hutajua, kwa kuwa tairi zinateleza. Kwenye lami kavu ndipo gari linapopiga kelele.

Na Subaru wenyewe walikuachia njia ya kupima. Fungua boneti utafute kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD, kikiwa kitupu. Ukichomeka fyuzi ya kawaida humo, kompyuta inaamrishwa kuilegeza ile klachi kabisa na gari linabaki kuvutwa na mbele tu. Kwenye dashibodi taa ya FWD itawaka. Njia hii iliwekwa kwa ajili ya siku unapotembelea ile tairi ndogo ya spea. Kwetu sisi ni kipimo kinachogharimu bei ya fyuzi.

Mimi nilikwenda kwenye uwanja wa kanisa letu wenye lami, Jumamosi hakuna watu, baada ya kuliendesha Thika Road mpaka oili ikapata moto. Usukani nikaukata mpaka mwisho, nikazunguka polepole bila kukanyaga mafuta. Likashika, tena vibaya. Nikazima, nikachomeka fyuzi, nikazunguka tena. Gari likazunguka laini. Nawaambia, nilipiga makofi peke yangu mle ndani, maana kwa fyuzi moja ile karatasi ya shilingi 85,000 ilikuwa imekwisha kazi.

Likizunguka laini ukiwa umeweka fyuzi, maana yake solenoidi inasikia amri na pleti bado zinaachia. Basi acha giaboksi, tazama tairi na oili. Likiendelea kushika hata na fyuzi, ama solenoidi au nyaya zake zimekufa, ama pleti zimechimba mitaro kwenye ngoma yake na zinanasa.

Langu lilikuwa tairi. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikazungusha kila tairi. Zote zilikuwa na saizi moja iliyoandikwa ubavuni, lakini za mbele zilikuwa mpya na za nyuma zimelika, na mzingo ulitofautiana karibu sentimita 3. Subaru wanataka tofauti isizidi robo inchi, yaani milimita 6 hivi. Ile klachi ilikuwa inasuguana mchana kutwa, hata kwenye barabara iliyonyooka, ikipika oili yake. Nilipochomoa kijiti cha oili, badala ya wekundu niliona rangi ya chai ya rangi, na harufu ya kuungua. Nikaweka tairi nne za aina moja, nikabadilisha oili. Kumwaga mara moja hutoa karibu nusu tu ya iliyomo, kwa hivyo nilirudia, nikiendesha kidogo kati ya kila mmwago na mwingine. Kushika kukapungua, kisha kukaisha kabisa.

Ukibadilisha oili, simama hapo hapo utazame. Difu ya mbele, yaani zile gia zinazogawia magurudumu ya mbele nguvu, kwenye giaboksi hizi ina oili yake, 75W-90, kijiti chake na nati yake ya kumwagia. Kuna mafundi humwaga difu wakidhani ni ATF, yaani ile oili ya giaboksi, kisha wanajaza ATF juu ya ile iliyokuwepo. Difu inabaki kavu na baada ya muda inasaga meno. Hapo ndipo giaboksi inakufa kweli.

Kwa wale ambao fyuzi haikuwasaidia: ukiwasha gari, taa ya AT OIL TEMP ikipepesa badala ya kuzima, kompyuta imehifadhi hitilafu.  Pima ile solenoidi ya Duty C kwa maltimita, kile kipimo cha umeme; nzima huonyesha omu kumi na kitu. Na hata ikibidi kubadilisha solenoidi, pleti au ngoma, mkia wa giaboksi hufunguliwa gari likiwa na giaboksi yake mahali pake. Fundi akikuambia lazima ishushwe yote, muulize kwa nini, na akikasirika ondoka.

Haya si ya kila gari. Subaru za gia za mkono, na zile za turbo zenye mfumo wa VTD, zina mpangilio mwingine. CR-V za zamani zikinguruma nyuma kwenye kona, mara nyingi zinadai oili mpya ya difu ya nyuma, ile ya Honda yenyewe. X-Trail za kwanza zina kitufe cha 2WD, kibonyeze kabla hujafungua chochote.

Ndugu zangu, pesa zetu ni za jasho. Usikubali bei ya giaboksi kutoka kwa mtu ambaye hajaliendesha gari lako. Mwambie aingie, mzunguke pamoja. Zungusha kwanza, chomeka fyuzi, pima tairi, tazama oili. Fundi mzuri hataona haya, na wapo wengi mjini humu.

Na kwa anayenunua Legacy au Forester ya zamani: fungua boneti utazame kile kishikio cha FWD kabla ya kutoa senti. Ukikuta fyuzi ndani, ichomoe, liendeshe gari mpaka oili ipate moto, kisha lizungushe kwenye lami usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Washa swichi pia utazame kama taa ya FWD inawaka pamoja na zile nyingine, maana kuna wanaong'oa balbu.