Kulitaja jina la mshambuliaji au la: jibu langu kwa mwandishi mwenzangu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo mwandishi wa habari alitaje jina la mtu aliyeua watu kwa risasi au alifiche kabisa. Nitalijibu hilo, ila niruhusu nianze na saa ya kwanza ya tukio, kwa sababu madhara mengi niliyoyashuhudia yalitokea kabla jina lenyewe halijajulikana.

Agosti 25, 2021 nilikuwa zamu katika chumba cha habari cha redio moja hapa Dar es Salaam, siku ambayo mtu mwenye bunduki aliua askari polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi karibu na Ubalozi wa Ufaransa, kisha naye akauawa. Simu zetu zilifurika video na sauti za WhatsApp. Sauti moja, ya mtu aliyeapa kwamba yupo hapo hapo, ilidai kuwa washambuliaji ni wengi na wametawanyika mjini. Niliiandika. Mhariri aliponiuliza, "Huyu umezungumza naye, au umemsikia tu?", sikuwa na jibu, na sentensi ile ikafutwa kabla haijasomwa hewani. Mshambuliaji alikuwa mmoja. Kwingine kosa la namna hiyo lilifika hewani: Marekani, Desemba 14, 2012, watu 26 walipouawa katika shule ya Sandy Hook, vyombo vikubwa vya habari vilimtangaza kaka wa muuaji, ambaye hakuhusika kwa lolote, kuwa ndiye muuaji.

Matangazo ya mubashara nayo yana hatari yake: Paris, Januari 2015, televisheni ilitangaza kwamba kuna mtu amejificha ndani ya duka ambalo mtekaji alikuwa bado amelishikilia.

Sasa jina. Machi 2019, muuaji aliyeshambulia misikiti miwili mjini Christchurch, New Zealand, alirusha mauaji yake moja kwa moja kupitia Facebook. Watu 51 walikufa, na Waziri Mkuu wa nchi hiyo wakati huo, Jacinda Ardern, akasema hatalitamka jina lake kamwe. Namwelewa, lakini mwandishi si waziri. Hapa kwetu jina likifichwa, watu hubuni la kwao, na kutoka hapo huanza kubashiri kabila na dini. Mimi hulitaja mara moja, polisi wakishalithibitisha, ndani ya habari na si kwenye kichwa chake. Picha yake akiwa na bunduki siitumii, wala waraka aliouandika kujieleza siunukuu, maana hivyo ndivyo anavyovitamani anayefikiria kumwiga.

Kwa upande wa wafiwa sina ujasiri wa kujisifu. Miaka ya nyuma, baada ya ajali ya barabarani, nilimpigia mama mmoja nikitaka maoni yake, kumbe hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba amefiwa. Simu yangu ndiyo iliyompelekea msiba. Tangu hapo sipigi simu nyumbani kwa marehemu kabla ya kuhakikisha, kwa polisi au kwa ndugu mwingine, kwamba familia imeshaarifiwa, na nikifika msibani kinasa sauti hubaki mfukoni hadi mwenye msiba akiridhia.