Mitumba ruksa, nguo za ndani ndiyo hapana

Ndugu, umeuliza kama Tanzania imepiga marufuku mitumba. Hapana, haijapiga marufuku mitumba yote. Kilichokatazwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa sababu za kiafya, ni nguo za ndani zilizotumika: chupi, sidiria na jamii yake. Mashati, suruali, magauni, makoti, nunua bila wasiwasi. Nadhani umechanganya na Rwanda, ambako mwaka 2016 ushuru wa kuingiza mitumba ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo.

Mimi nguo za wanangu nanunua soko la Karume, Dar es Salaam, belo likifunguliwa asubuhi. Shati geuza kola na kwapa kwanza, zipu ifungue na kuifunga mara mbili. Ila sidiria ukiiona imetandazwa pale, hata kwa bei ya bure, iache. Nunua mpya.